Nyumba ya Thelathini na Nne

Izigo, Muleba
14 Januari 2023

Mwanangu Jovitha,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Bukoba, habari za ofisi, na lile jino lililokusumbua Krismasi limetulia? Mimi sijambo, ila masikio ndiyo basi tena. Juzi Hellen alipiga hodi mpaka akachoka, akaingia jikoni akanigusa bega, nikamwaga uji wote. Simu uliyoninunulia nimeifungia kabatini. Kuongea siwezi, na maandishi yake ni madogo kama siafu. Kwa hiyo tutaandikiana kama ulipokuwa bwenini. Hellen anakuja kuuza ndizi Bukoba kila Jumatano, barua zitapita kwake. Usimpe majibu ya mdomo, maana siwezi kuyasikia na yeye hapendi kuandika.

Jambo lenyewe ni mipaina ya marehemu baba yako, ile aliyoipanda kwenye rweya, kule uwandani, mwaka uliofaulu kwenda sekondari. Watu walimcheka, mtu mzima anapanda miti kwenye nyasi tupu badala ya kuongeza migomba. Sasa imekomaa na mnunuzi wa mbao amekuja mara mbili. Bei yake ni nzuri. Fedha kama hiyo haijawahi kuingia nyumba hii kwa mara moja, na haitaingia tena.

Nataka nijenge shule ya watoto wadogo hapa kibanjani, kwenye shamba letu la nyumbani, upande wa barabara. Madarasa mawili na bweni. Nimefundisha miaka thelathini na tisa na sijawahi kuona Izigo ikikosa watoto. Darasa langu la nne la mwaka 1984 walikuwa hamsini na wawili, wengine wakikaa sakafuni, na wewe ukiwa mgongoni kwangu unalia. Baba yako aliandika kwenye wosia kwamba miti ni yetu sote wawili, mimi na wewe, na mnunuzi hataki kugusa hata tawi bila saini yako. Njoo utie saini. Shule ikisimama utarudi nyumbani uisimamie, maana mimi nina miaka sabini na Mungu alinipa mtoto mmoja tu.

Mama yako.


Bukoba
25 Januari 2023

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Jino nimeling'oa, naongea upande mmoja lakini nalala. Nimehuzunika kusikia habari za masikio. Nimekutumia sukari, majani ya chai na miwani mpya kwa Hellen.

Mama, usinikasirikie. Sijatia saini, na nitakueleza kwa nini.

Unajua kazi yangu ni kukaa mezani kwenye chama cha akiba na kusikiliza watu wanaotaka mkopo. Miaka kumi na nne sasa. Mtu akikaa mbele yangu hasemi anataka kufuga kuku kwa sababu amewaona walaji. Anasema jirani yake amejenga kwa kuku. Mwaka wa vanila wote walitaka vanila, wakang'oa kahawa iliyosomesha watoto wao. Bei ilipoanguka walikuja wakiwa wamekonda. Na mwaka uliofuata hao hao waliogopa kukopa hata kwa jambo la maana. Wanachonunua ni tumaini la jirani, na wakishaumia wananunua woga wake. Sasa hivi kila mwalimu mstaafu anataka kujenga shule. Wewe ni wa saba kwangu tangu Septemba.

Naomba kitu kimoja tu. Hesabu watoto. Si wa Desemba, maana Desemba Izigo inajaa magari na watoto wanaoongea Kiswahili cha Dar. Hesabu wa mwezi Machi. Vijana wa kwetu wameondoka, Mama. Walio na nguvu ya kulima wanahamia Kimwani kwenye mpunga, pamoja na watu kutoka kila upande. Kama fedha hiyo ni lazima izunguke, nunua mashine ya kukoboa mpunga kule. Palipo na watu ndipo fedha inapofika.

Kuhusu kurudi, tuliache kwanza.

Mwanao, Jovitha.


Izigo
1 Februari 2023

Jovitha,

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikiwa nimesimama. Nimeita mahudhurio kila asubuhi kwa miaka thelathini na tisa, leo mtoto niliyembeba mgongoni darasani ananifundisha kuhesabu watoto.

Baba yako hakupanda miti ili ikalishe watu wa Kimwani ambao hatujui hata wamezaliwa wapi. Baba yako mdogo Rutashobya naye anasema hivyo hivyo, mali ya ukoo haivuki mlima. Usipotia saini miti itabaki imesimama. Tutaona nani ataanguka kwanza, miti au mimi.

Miwani nimeipata. Inafaa.

Mama yako.


Bukoba
8 Machi 2023

Mama,

Shikamoo. Wiki tano sasa Hellen anakuja mikono mitupu. Sijalala vizuri. Anasema u mzima lakini unazunguka kitongoji kizima na fimbo na daftari, unaingia nyumba za watu bila kuitwa, na watu wanauliza kama serikali imekuajiri tena. Anasema pia mvua ilikukuta kwa akina Kyaruzi ukakataa kukaa.

Kama ni hasira, niandikie hasira. Nitaisoma. Nimekutumia koti la mvua.

Mwanao, Jovitha.


Izigo
2 Aprili 2023, Jumapili ya Matawi

Mwanangu Jovitha,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za huko, kazi inakwendaje? Mimi miguu inauma kwa sababu utakazoziona. Koti limenifaa.

Nimehesabu. Nilianza ili nikuaibishe, sitakuficha. Nilitaka nikuletee mamia. Nilichukua daftari la mahudhurio, nikaanzia kanisani nikashuka mpaka mtoni, nyumba hadi nyumba, mwezi Machi kama ulivyotaka. Nyumba ni sitini na moja. Nilifurahi, nikafikiri nimekushinda.

Ndipo nikaanza kuandika watu. Nyumba kumi na nne zimefungwa. Ni zile kubwa, zenye vigae na mageti. Ya mtoto wa Kyaruzi ina vyumba saba na choo ndani, na anayelala humo ni mlinzi na mbuzi wake wawili. Nilimwandikia mlinzi kwenye karatasi, mwenyewe anakuja lini. Akanyoosha vidole viwili, siku mbili kwa mwaka. Nikamwandikia, kwa nini basi amejenga kubwa hivi. Akaniandikia, "Ya msiba, Mama." Nilibaki nikiitazama ile karatasi. Ni kweli tunajenga nyumba ambayo watu watakaa nje yake siku ya kutuzika. Na ajabu ni kwamba ardhi hapa inapanda bei kila mwaka wakati watu wanapungua. Kila aliye mjini anaona mwenzake amejenga, naye anaona aibu.

Nyumba ishirini na mbili zina wazee peke yao. Tisa zina wazee na wajukuu walioachiwa. Kumi na sita tu ndizo zina baba, mama na watoto chini ya paa moja. Watoto wa chini ya miaka saba, kitongoji kizima, ni ishirini na tisa. Kati yao kumi na wawili tayari wanasoma awali kwenye shule ileile niliyostaafu. Nilitaka kuwajengea bweni watoto kumi na saba ambao bibi zao hawawezi kununua hata sare.

Jioni ile nilitoa daftari langu la mwaka 1984. Nililihifadhi, usiniulize kwa nini. Nikapita majina hamsini na mawili kwa kalamu. Waliokufa ni ishirini na mmoja. Kumi na saba kati yao walikufa kwa ugonjwa ule, katika miaka ambayo tulikuwa tukitoka msiba huu tukiingia ule na majembe mikononi. Kumi na tisa wako Mwanza, Dar, Geita, Kampala. Watano hakuna anayejua. Waliobaki Izigo ni saba, na watoto wao wameshaondoka.

Mwanangu, nililia. Nilielewa ile shule nilikuwa namjengea nani. Nilikuwa nawajengea wao. Kichwa changu kilibaki mbele ya darasa lile, nikidhani bado wamekaa wananisubiri, wakizaa watoto wa kuniletea. Kumbe wameshamaliza.

Nyumba yetu ni ya thelathini na nne. Nimeiandika kama nilivyoandika za wengine, bila upendeleo: Annastella. Watu, mmoja. Watoto, hakuna.

Sijui la kufanya na miti. Nisaidie kufikiri.

Mama yako.


Bukoba
12 Aprili 2023

Mama yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Pasaka yangu ilikuwa kusoma barua yako. Nimeisoma kanisani wakati wa mahubiri, Mungu anisamehe.

Mama, nina la kukiri. Nilikuambia ununue mashine ya mpunga kwa sababu mimi mwenyewe nimenunua. Desemba ya mwaka juzi, pamoja na Anwari wa hapa ofisini, tuliweka akiba zetu Kimwani. Banda zuri la matofali na mashine ndani. Tulipoanza zilikuwepo mashine mbili. Leo ziko saba, zote za watu waliosikia kwamba kuna wawili wamepata. Mavuno yakiisha hakuna cha kukoboa, na mashine yangu inalaliwa na kuku wa jirani. Mimi ninayewaonya watu kila siku kwamba wasikimbilie alikokimbilia jirani, nilikimbia nikiwa na viatu vya kisigino. Na nilipokuwa nakuandikia ile barua ya Januari, nadhani nilitaka tu niwe na mwenzangu ndani ya lile kosa. Nisamehe.

Saini yangu iko ndani ya bahasha, kwenye karatasi zote tatu za mnunuzi. Sikuwekei sharti. Jenga, uza, acha, utakavyoona.

Kuhusu nyumba ya thelathini na nne. Nimeutazama ule mstari sana. Nina miaka arobaini na moja na hujawahi kuniuliza, hata nilipoachana na Kamala hukuniuliza, ulinipikia tu. Hospitali walishaniambia zamani kwamba sitazaa, Mama. Nilishindwa kukuambia kwa sababu nilijua jinsi unavyopenda mahudhurio kamili. Sasa umejua.

Mwanao, Jovitha.


Izigo
20 Agosti 2023

Mwana wange,

Salamu nyingi, na samahani kwa ukimya. Najua umemuuliza Hellen kila Jumatano. Uliloniambia sikutaka kulijibu haraka, na bado sina jibu zuri. Nilijua, au nusu yangu ilijua. Siku niliyoandika "hakuna" nilikuwa najiandikia mimi, sikukuandikia wewe. Ungekuwa karibu ningekupikia tena.

Miti imekatwa. Nilikwenda kuangalia. Sisikii msumeno, lakini kila mpaina ulipoanguka niliusikia miguuni. Nimeuza sehemu kubwa, na iliyobaki nimepasua mbao nikazirundika nyuma ya jiko. Hujaniuliza za nini, nitakuambia.

Mwezi wa sita nilimwambia Hellen anipeleke Kimwani kwa dada yake, nione hao watu. Nilibeba daftari. Nilisimama kwenye ukingo wa shamba la mpunga asubuhi, saa ambayo watoto wanapaswa kuwa darasani. Walikuwa humo, Jovitha, wadogo kabisa, wanafukuza ndege kwa kutupa udongo, kutwa nzima. Nikahesabu mpaka ukurasa ukaisha. Mia moja na arobaini, na upande wa pili wa bonde sikuvuka. Kitongoji kile ni kipya, hakijapata hata jina la kudumu, na shule ya serikali iko mbali kwa miguu mifupi kama ile. Mama zao ni vijana, kila mmoja ana mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Nilijikuta nimesimama kama mwaka 1984.

Nimeiona na mashine yako. Ni kweli kuku wanalala ndani. Lakini banda lina madirisha makubwa na sakafu ya saruji. Uza mashine, mgawane na Anwari, na sehemu yake ya banda nitainunua mimi. Mbao zilizo nyuma ya jiko ni za madawati.

Baba yako mdogo Rutashobya aliitisha kikao cha ukoo. Aliongea sana. Nilisubiri mpaka midomo ikatulia, kisha nikaweka mezani karatasi zenye saini zetu mbili. Hellen aliniandikia baadaye alichosema, kwamba miti ya Izigo haiwezi kukaliwa na watoto wa watu. Nimeifikiria sentensi hiyo. Baba yako alipanda miti mahali ambapo kila mtu aliona nyasi tupu. Nadhani angekaa upande wangu.

Nitahamia Kimwani mwezi wa kumi na mbili.

Mama yako.


Bukoba
6 Septemba 2023

Mama,

Shikamoo. Banda chukua, na Anwari amekubali kwa furaha, nadhani alikuwa anatafuta mtu wa kumtoa. Hilo halina shida.

Lakini usihame. Nakuomba kwa magoti. Ajiri mtu, mpe ufunguo, wewe kaa nyumbani. Kule kuna mbu, kuna joto, hujui lugha za watu na masikio hayakusaidii. Nilikuambia fedha ipelekwe palipo na watu, sikusema ujipeleke wewe.

Tena kuna kibanja. Hellen ameniambia Baba mdogo ameshaanza kufunga ng'ombe wake nyuma ya migomba yetu. Unajua desturi kuliko mimi. Jiko likikaa bila moto, ukoo unasema kibanja hakina mtu, na mimi ni mtoto wa kike. Baba amelala pale. Miaka yote nimekataa kurudi kwa sababu nilijua wewe upo. Nilikuwa naikataa nyumba yenye moto, Mama. Ukiondoka sina hata cha kukataa.

Mwanao, Jovitha.


Kimwani, Muleba
28 Januari 2024

Mwanangu Jovitha,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini u mzima. Barua yako ya Septemba sikuijibu kwa sababu ningeijibu ningebaki.

Tumefungua tarehe nane. Waliandikishwa thelathini, wiki ya pili wakafika sitini, Ijumaa walikuwa themanini na watatu. Mwalimu ni Dativa, binti kutoka Rubafu, ana cheti na ana sauti, hivyo watu wananiambia. Mimi naita mahudhurio. Nimewafundisha kunyoosha mkono badala ya kuitikia. Nalitaja jina, mkono unapanda, naweka alama. Wanapoimba naweka kiganja kwenye dawati, mbao za baba yako zinatetemeka, nami najua wamefika ubeti gani.

Faida bado, nisikudanganye. Wazazi wanalipa baada ya mavuno, na wengine wanaleta mpunga wenyewe. Wa kwanza walikuja kwa sababu dada yake Hellen alimleta mwanawe. Wa pili walikuja kwa sababu wa kwanza walikuja. Nikakukumbuka wewe na watu wako wa mezani. Nimeona kwamba kumfuata jirani si ugonjwa siku zote, inategemea jirani amekwenda kuangalia nini. Tayari kuna mtu amepima kiwanja mbele yetu anataka kufungua duka la madaftari.

Kuhusu kibanja. Mwaka jana nilikuomba urudi kana kwamba ni haki yangu. Sikuombi tena. Una maisha yako, na sitaki uje kulinda migomba kama yule mlinzi wa Kyaruzi. Ukoo ukikichukua, wakichukue. Ila siku yangu ikifika nipelekeni nikalale kando ya baba yako, hata kama itabidi muombe ruhusa kwa mwenye ng'ombe. Hilo tu.

Mbu wapo. Nina chandarua.

Mama yako.


Izigo, Muleba
17 Novemba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana najua utatazama kwanza juu kulia, kwenye anwani. Ndiyo, ni Izigo.

Samahani kwa miezi hii ya maneno mafupi. Sikutaka kukuambia kabla sijajua kama nitaweza. Tangu Agosti nalala hapa. Ofisini nakwenda na gari la alfajiri, jioni narudi. Nimechoka, na viatu vya kisigino nimeviacha mjini. Wiki ya kwanza Baba mdogo alisimama mlangoni akauliza nimekuja kwa siku ngapi. Nilimkaribisha jikoni, nikampa lubisi, pombe yetu ya ndizi, moto ukiwa unawaka. Alikunywa, akauangalia ule moto, na kesho yake ng'ombe hawakuwepo. Hatujazungumza zaidi ya hapo. Anatuma salamu, nadhani kwa dhati.

Sikuja kulinda migomba. Nimekuja kwa sababu mwezi wa saba nilipita Kimwani bila kukuambia. Nilisimama dirishani, wewe ulikuwa unaita majina na mgongo wako ukiwa kwangu. Mikono ikapanda. Kuna mtoto mmoja wa mbele hakuinua wake, ukamngoja mpaka akainua, hukukasirika. Nilirudi barabarani nikalia kama mtu aliyefiwa, na sikujua nimefiwa na nini. Nilijua tu kwamba natakiwa kwenda nyumbani.

Senene wameanza kuanguka. Nimekukaangia kopo moja, Hellen atalileta.

Daftari lako la Machi nililikuta kabatini, chini ya ile simu. Nimezunguka tena na fimbo yako, nyumba zote. Bado ni sitini na moja. Zilizofungwa sasa ni kumi na sita, wazee wawili wamekwenda. Nilipofika kwetu nilichukua kalamu, nikafuta mstari wako kwa adabu, nikaandika upya: Nyumba ya thelathini na nne. Jovitha. Watu, mmoja. Watoto, themanini na watatu, wako Kimwani na bibi yao.

Nafasi yako kando ya Baba nimeipalilia. Majani yamepungua na mtu anaweza kupita vizuri. Usiharakishe.

Mwanao, Jovitha.